Siku tatu gesti Arusha peke yangu: hita ya kuombea, ila nilichofuata nimekipata

Mimi wa Moshi, nauza mitumba Memorial na wifi yangu, mwaka wa sita huu, na tulishafika mahali kila belo tukifungua ni maneno, nani katoa ngapi, nani kachukua zile nzuri. Nikaona niondoke kidogo nikafikirie, na Moshi huwezi kufikiria, Moshi ukipiga chafya Majengo unapewa pole Soweto. Nilipomwambia mama naenda Arusha kupumzika akaniuliza nani kafariki. Wengine wananicheka eti Arusha nayo safari, kilomita 80 na Coaster, ila mimi sikutafuta umbali, nilitafuta mji mkubwa ambao napita hakuna anayeniita.

Gesti sitaitaja, iko Kaloleni, elfu 30 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Shuka safi, neti haina tundu, mlango una komeo la maana kwa ndani (dada zangu mnaosafiri wenyewe, hilo muangalie kabla hamjaangalia tivii). Sasa njoo mapokezi. Nikapewa kitabu cha wageni, nikajaza natoka wapi naenda wapi, kabila, sababu ya safari nikaandika mapumziko, yule binti akasoma, akaniangalia, "Na mwenzako anafika saa ngapi dada?" Nikamwambia niko peke yangu mdogo wangu. Akasema haya, ila chumbani nikakuta taulo mbili na sabuni mbili. Siku ya pili kauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza, kaanza kunionea huruma, kaniongezea na chapati, hapo ndo nilijisikia vibaya kweli hahaha.

Hita bana. Nilienda Julai, na baridi ya Arusha Julai haina utani, unafungua bomba unaambiwa subiri dada yanakuja, yanakuja wapi, nimeoga maji ya ndoo siku mbili. Halafu kumbe chini kuna baa, nilivyopiga simu kuulizia chumba hakuna aliyenitajia, spika mpaka saa nane usiku. Nilinuna ndo nikahamishiwa chumba cha nyuma, na huko aisee asubuhi kabla mawingu hayajakaa Meru wote uko dirishani. Mita 4,566, sisi tuliokua tukitazama Kibo huwa tunaudharau lakini siku ile nilikunywa chai mpaka ikapoa.

Uzuri wa pale unatembea kwa miguu. Mnara wa Mwenge karibu, na pembeni yake Makumbusho ya Azimio la Arusha, ndo jengo lenyewe ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967, tarehe 26 mpaka 29. Siku nne wakamaliza mambo ya nchi nzima, na mimi nimekaa miaka miwili nashindwa kuamua mambo ya kibanda kimoja. Hiyo ilinichoma kidogo. Nikaenda na kule Boma la Wajerumani, la mwaka 1900, nikakaa bustanini na daftari langu nikijiandaa kutafakari, saa nzima nimeandika "wifi" nikaipigia mstari, basi, nikaanza kuwaza mtori.

Jibu nimelipata pasipo na utulivu wowote, Kilombero sokoni. Nimekwenda kununua maparachichi tu, nikapita kwenye nguo, nikajikuta napapasa blauzi na kusema kimoyomoyo hii wifi angeishika kwanza aangalie kola. Yaani mtu nimemkimbia na bado nanunua kwa macho yake. Tatizo siyo yeye, tatizo ni kwamba hela zote zinaingia kwenye mkoba mmoja na hatuandiki. Jioni ile nikampigia, nikamwambia kibanda kinabaki kimoja, daftari mawili, kila mtu na belo lake. Kanyamaza, kisha kauliza, "Uko na nani huko?"

Hata yeye.

Kwa hiyo gesti naipa tatu kati ya tano, mbili nimezikata kwa hita na ile baa. Nitarudi, chumba cha nyuma, ila siyo Julai, na yule binti akiniuliza mwenzangu anafika saa ngapi nitamwambia yuko njiani, taulo ya pili nilishaizoea.