Kitengo cha kusafisha damu, hospitali moja ya Mbeya mjini: nyota nne kati ya tano

Jina la hospitali naliacha, maana nina lalamiko pia.

Mpwa wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne Uyole. Figo zimefeli, mashine mara tatu kwa wiki, saa nne nne. Siku moja akagoma: "Mjomba, nirudishe kwa bibi Tukuyu. Mashine sitaki tena." Dada yangu akaangua kilio, mimi nikaanza kufoka. Daktari akatutoa nje, akabaki naye pamoja na sista.

Hakumficha kitu. Alimwambia kwamba kwa figo zilivyo, akiacha ni suala la siku au wiki. Kisha akamuuliza anachokataa hasa ni kipi. Kumbe ni mpira wa shingoni unaopitisha damu kwenda kwenye mashine, wenzake wanaukodolea macho, na vipindi vya hesabu vinavyompita. Mpira utatolewa mshipa wa mkononi wa kuunganishia mashine ukishatengenezwa na kukomaa. Zamu amehamishiwa jioni. Kakubali, kwa sharti kwamba aulizwe tena baada ya mtihani. Daktari kaliandika sharti hilo kwenye faili.

Nikamuuliza, si nisaini tu yaishe? Mtoto kisheria ni aliye chini ya miaka 18. Akasema saini ni yangu kweli, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa naye haki ya kusikilizwa. Akanitajia binti wa miaka 13 wa Uingereza aliyekataa kupandikizwa moyo mwaka 2008. Walimsikiliza, na mwaka uliofuata akakubali kwa hiari yake. Sikuridhika. Je, asingebadili nia? Na huyu wetu akielewa yote na bado akatae, tumfunge kitandani? Hapo daktari hakujitia kujua. Alisema angemwita daktari wa pili na afisa ustawi wa jamii, tukae wote.

Nyota niliyokata ni ya dirisha la malipo. Bima yetu ilikuwa bado haijakamilika, na karani akataja deni kwa sauti mtoto akiwa pale pale. Usiku ule ndipo alipoanza kusema anatutia umaskini. Kijana akikataa tiba baada ya kusikia hivyo, msiniambie ni uamuzi wake.

Mnaotoka Tukuyu, zamu ya jioni inaisha usiku, tafuteni ndugu wa kulala kwake. Na blanketi mbebe; kwenye mashine mgonjwa husikia baridi, na Juni ya Mbeya mnaijua.