Miaka sita na Freesat: HD imekuja, habari za Milton Keynes zimehamia Norwich

Nimekaa na Freesat, huduma ya Uingereza ya TV ya dishi isiyo na malipo ya mwezi, miaka sita, dishi lilelile, king'amuzi cha pili. Kila ndugu anayehamia Uingereza huniuliza kama inatosha au achukue kifurushi cha kulipia kila mwezi. Jibu fupi: inatosha. Jibu refu lina postikodi (zile herufi na namba za anwani) ndani yake, lina Norwich, na lina fundi mmoja ambaye nikimkumbuka mpaka leo sijui nicheke au nikasirike.

Tulihamia Milton Keynes mwaka 2019. Fundi akaja Jumamosi na ngazi yake, akalielekeza dishi kusini-mashariki kwenye setilaiti za Astra, nyuzi 28.2 Mashariki, akashusha nyaya mbili kutoka kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. (Usikubali waya mmoja. Ukiwa na mmoja, kurekodi hiki huku unaangalia kile itakuwa ndoto.) Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza rimoti harakaharaka kama mtu anayepiga namba ya kwao, picha ikatoka. Mke wangu akamletea chai, akanywa, akachukua chake, akaondoka.

Picha ilikuwa safi, sina la kusema. Mimi nimekulia Tanga, zama za mtoto mmoja kupanda juu kuzungusha antena huku waliomo ndani wakipiga kelele, "Bado! Bado! Hapohapo, usiguse!" Ukishuka tu, chenga zinarudi. Kwa hiyo kuona mechi kwenye HD, yaani picha kali, unahesabu mpaka nyuzi za wavu wa goli, kwangu ilikuwa starehe tosha. Chaneli ya kawaida, ile tunayoiita SD, ina mistari 576 ya picha. HD ina 1080. Kwenye TV ndogo ya jikoni hutaona ajabu. Kwenye TV ya inchi 50 ukirudi SD unaona kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo.

Sasa ikafika saa kumi na mbili na nusu jioni.

Kwa asiyejua mambo ya huku: BBC One ni chaneli moja kutwa nzima, lakini nyakati fulani inagawanyika. Habari za taifa zinaanza saa kumi na mbili jioni, na ikipita nusu saa mtangazaji wa London anaaga, kila mkoa unashika wa kwake. Leeds wanaona Look North, Birmingham wanaona Midlands Today, Plymouth wanaona Spotlight, Bristol wanaona Points West. Habari za barabara zao, hospitali zao, timu zao za mpira, mvua yao. Sisi tuliozoea kwamba taarifa ya saa mbili usiku ni ileile Tanga, Mbeya na Bukoba, hili ni jambo geni, na ukishalizoea huwezi kuliacha.

Ila miaka hiyo, ukiwa England na ukiangalia BBC One HD, muda huo ukifika hupati mkoa wowote. Linakuja bango jekundu la kukwambia vipindi vya mkoa havipo hapa, nenda chaneli ya kawaida. Hivyo kila jioni tulikuwa na ibada yetu: habari za taifa kwenye HD, bango, rimoti, tunashuka SD, picha inafifia, baada ya nusu saa tunapanda tena. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Kazi hiyo aliifanya yeye, na ole wako umtangulie.

Wapo waliodhani ni uvivu. Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye antena ya kawaida mnara wa eneo lako hurusha mkoa wako tu. Setilaiti iko juu, inamwagia nchi nzima maji mamoja. Ili kila mkoa upate toleo lake, lazima kila toleo liwe chaneli kamili inayoruka saa 24, na matoleo ya England ni zaidi ya kumi. Ni sawa na kukodi daladala kumi na kitu zifuatane njia moja kutoka alfajiri, abiria wote wanaona mandhari yaleyale, halafu jioni ziachane kwa nusu saa na kukutana tena. Kwa SD daladala hizo ni ndogo. Kwa HD kila moja inakuwa basi, na nafasi ya setilaiti hukodishwa kwa fedha. Juu ya hapo, studio za mikoani nazo zilikuwa bado za SD, ilibidi zibadilishwe kamera na mitambo. BBC One HD ilianza Novemba 2010. Northern Ireland walipata HD yao wenyewe Oktoba 2012, Scotland na Wales Januari 2013. England, yenye watu wengi kuliko wote hao, ikabaki na bango jekundu kwa miaka kumi zaidi.

Turudi kwa fundi. Kila tukishuka SD tulikuta habari za London. Foleni ya Blackwall Tunnel, treni za chini ya ardhi, meya wa London kasema hivi. Nami sikushangaa hata kidogo! Nikaona ndiyo desturi ya dunia: mji mkuu husema, wengine husikiliza. Nilizijua foleni za Blackwall kuliko za barabara ninayopita kwenda kazini, na kazini kwangu ni dakika kumi na tano.

Nilikuja kuzinduka asubuhi moja ya theluji. Nimefika ghalani kwa zamu, kumbe nusu ya wenzangu hawapo, barabara kuu ya M1 imeziba toka usiku. Mmoja akaniuliza kama sikuona Look East jana. Look nini? Nikarudi nyumbani, nikafungua mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya postikodi. Postikodi zote za Milton Keynes zinaanza na MK. Yangu ilianza na E, ikafuatiwa na namba za London Mashariki. Yule bwana aliandika postikodi anayoijua, yumkini ya kwake au ya mteja wa asubuhi, akaendelea na maisha.

Basi hiki ndicho ambacho karatasi ya maelekezo haikisemi kwa herufi kubwa za kutosha. Dishi halijui liko wapi. Matoleo yote ya mikoa yanashuka juu ya paa lako kwa pamoja, na king'amuzi kinachagua kwa postikodi uliyokiandikia. Ukikidanganya, nacho kinakudanganya kwa uaminifu mkubwa. Nikaandika MK, kikajizima, kikajiwasha, na jioni ile tukawaona Look East, habari za mkoa wa Mashariki. Tena si Look East ya Norwich. Ilikuwa toleo la Cambridge, la upande wetu wa magharibi: Northampton, Bedford, Milton Keynes. Mara ya kwanza kuona mzunguko wa barabara wa karibu na shule ya wanangu kwenye TV, mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Kama umeshafungiwa, nenda kaangalie postikodi yako leo. Usimuamini mtu, hata mimi.

Ghorofani tuna TV nyingine, ya watoto, haina dishi. Inatumia antena iliyoachwa darini na mwenye nyumba wa zamani, na kumbe imeelekezwa mnara wa Oxford. Milton Keynes imekaa kati: ukielekeza Sandy Heath unapata mkoa wa Mashariki, ukielekeza Oxford unapata wa Kusini. Kwa hiyo nyumba moja, ngazi kumi na tatu katikati, tukawa mikoa miwili. Chini mvua ya Bedford, juu jua la Oxford. Binti yangu alikuwa anashuka kuja kutangaza hali ya hewa ya kwao. Kwenye Freeview, yaani TV ya bure ya antena, TV ikinasa minara miwili hukuuliza uchague mkoa, au inapeleka ule mwingine huko kwenye namba za mia nane. Ya watoto haikuuliza chochote, maana Sandy Heath haikuwa ikiuona kabisa.

Desemba 2022 matoleo ya Cambridge na Oxford yakafungwa, yote mawili kwa pamoja. Chini na juu, nyumba yetu ikapoteza habari za jirani katika wiki moja. Ghorofani wakahamishiwa South Today ya Southampton, sisi sebuleni tukahamishiwa Look East ya Norwich, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari ukibahatika.

Halafu miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2023, HD ya mikoa ya England ikaanza kufunguliwa, mkoa baada ya mkoa. Jioni moja mwanangu ameshika rimoti anasubiri bango jekundu kama kawaida yake. Habari za taifa zikaisha, kioo kikawa cheusi kama kupepesa jicho, sauti ikapanda kidogo, na wakatokea watangazaji wa Norwich, wamenyooka, unaona mpaka uzi wa koti. Mtoto akabaki ameinua mkono. Kazi yake imekwisha.

Picha nzuri mno. Ilikuwa pwani ya Norfolk, huko upande wa Norwich, mawimbi, nyumba iliyo ukingoni mwa jabali. Sisi tuko bara kabisa, bahari hatuioni hata kwa dawa. Kusema kweli ningepewa kuchagua, ningerudishiwa Cambridge na ukungu wake wa SD. Foleni haihitaji mistari 1080, inahitaji kuwa foleni yangu. Milton Keynes hutajwa, sisemi haitajwi, lakini unaisubiri kama zamu ya benki.

Kuna faida moja ya setilaiti ambayo antena haikupi. Matoleo ya mikoa mingine yote yapo, ukipanda kwenye namba za mia tisa na hamsini na kuendelea. Dada yangu yuko Bradford. Theluji ikianguka huko simpigii kumuuliza, naenda Look North ya Leeds, naiona barabara yake kwanza, ndipo nampigia kumwambia asitoke. Ananiona mchawi.

Na kwa wale wanaoniuliza kama wanaweza kufunga king'amuzi hiki kwenye begi wakakifunge Tanga au Mombasa: usijisumbue. Chaneli za BBC ziko kwenye mwale mwembamba uliolengwa visiwa vya Uingereza. Hata uweke dishi la ukubwa wa ngalawa, Tanga hautafika.

Gharama: Freesat haina malipo ya mwezi. King'amuzi changu cha sasa nimenunua mtumba kwa pauni 45. Mvua ikipiga sana picha inaganda, lakini dishi lolote huganda. Leseni ya TV ni lazima ukiangalia matangazo ya moja kwa moja, na Aprili 2025 ilipandishwa kuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Kuna iPlayer pia, BBC ya kuangalia kwa intaneti, nayo ina HD na ina mkoa, ila inachelewa nyuma ya dishi. Jirani akishapiga kelele za goli wewe bado unaona kona.

Tarehe 8 Januari 2024 BBC ikazima SD zake zote kwenye setilaiti. Jioni simu ikalia. Ni ami wa Bletchley, hapahapa Milton Keynes, si ndugu wa damu, ni mzee wetu wa Unguja anayetusalisha Ijumaa nyingine.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Dishi langu limepinda. BBC hakuna."

"Chaneli nyingine zipo?"

"Zipo tele."

Basi dishi halikupinda. King'amuzi chake kilikuwa cha zamani, cha SD tupu, na BBC ya kukilisha haikuwepo tena. Nikaenda na kile changu cha kwanza, ambacho kilikuwa cha HD na kilikaa kabatini bure. Dishi halikuguswa, waya uleule, dakika ishirini. Postikodi nikaiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, nikamsomea, akaitikia kila moja kama anahakiki hati ya shamba.

Ikafika saa kumi na mbili na nusu. Ami akavaa miwani, akasogeza kiti.

"Hizi ndizo habari za kwetu?"

"Ndizo, ami. Chaneli mia moja na moja."

Akatazama kimya dakika mbili, tatu. Kwenye kioo walikuwa wanaonyesha sili, wale wanyama wa baharini, wamelala mchangani na watoto wao, unaona mpaka masharubu.

"Mwanangu," akasema, "Bletchley ina bahari?"