Miligramu 3 hazikunitosha: uzoefu wangu wa kuhama kutoka sigara

Nilivuta sigara kwa miaka 17, na hapa Leicester, Uingereza, nilikuwa nikimaliza pakiti ya sigara 20 kila siku. Nilipoamua kuhamia sigara ya kielektroniki, nilinunua kifaa kidogo cha kujaza chenye tangi la mililita 2, na kwa kuiogopa nikotini nikachagua kimiminika cha miligramu 3 kwa mililita. Muuzaji hakuniuliza hata nilikuwa navuta sigara ngapi.

Uchaguzi huo ulinipotezea wiki sita. Nilikinyonya kifaa tangu asubuhi hadi usiku, chupa ya mililita 10 ikiisha kwa siku mbili na mdomo ukinikauka, na bado kila baada ya chakula cha jioni nilitoka nje kuwasha sigara kwa sababu hamu haikutulia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kiwango hicho hutumika zaidi kwenye vifaa vikubwa vyenye kutoa mvuke mwingi kwa mvuto mmoja. Kwenye kifaa kidogo mwili haupati kiasi ulichokizoea, hivyo mtu huvuta mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi ili kufidia upungufu.

Mshauri wa huduma ya kuacha sigara alinipandisha hadi miligramu 20, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kanuni za Uingereza za mwaka 2016, tena cha chumvi ya nikotini, isiyokwaruza koo kama ile ya kawaida. Siku ya kwanza nilivuta kwa pupa nikapata kizunguzungu. Nikajifunza kuvuta mara tatu au nne kisha kusubiri. Sigara ya mwisho niliiwasha siku ya nne. Kipimo cha pumzi, kinachoonyesha kaboni monoksaidi itokanayo na kuungua kwa tumbaku, kilishuka kutoka sehemu 23 kwa milioni hadi 2, ingawa nikotini niliyokuwa nikitumia ilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Namba hiyo ilinifuta hofu yote niliyokuwa nayo.

Katriji, yaani sehemu ya kifaa inayobeba kimiminika na kukipasha moto, huanza kutoa ladha ya kuungua baada ya siku kumi hivi, na hilo silipendi. Sasa niko kwenye miligramu 10. Nilijaribu kushuka hadi 6 mwezi uliopita, hamu ikarudi ndani ya wiki, nami nikarejea 10 mara moja kabla sijanunua pakiti. Nitajaribu tena Ramadhani, kwa kuwa mchana kutwa sitavuta chochote.