Dawa ya panya ya vibonge vya buluu: imeua, ila uwe na subira

Wiki tatu nilikuwa silali. Darini wanakimbizana, stoo wametoboa magunia mawili ya mahindi. Nikaanza na yule kijana anayepita na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni!" Shilingi mia tano, kipakiti cha unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu, hakina jina wala maelezo. Nikachanganya na dagaa. Panya mmoja akafia palepale pembeni ya sahani, wenzake wakashtuka, dagaa hawakuguswa tena. Hela ikaishia hapo.

Ndipo nikaenda duka la pembejeo. Nikaomba dawa ya panya, muuzaji akanionyesha pakiti: "Mama, dawa tunaita mdomoni tu. Soma hapa." SUMU, na fuvu juu yake. Kweli bwana. Mbu dawa, mende dawa, panya dawa, ila mtoto akiigusa kwa ulimi mtaa mzima unapiga yowe kwamba kala sumu!

Elfu tatu, na maelezo juu. Ndani kuna bromadiolone, inazuia damu kuganda. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wenzake hawajui kilichomuua na wanaendelea kula. Buluu ile ni ili mtu asidhani ni chakula. Akanisisitiza, mtu akimeza usimlazimishe kutapika, kimbia naye hospitali na pakiti mkononi, watampa vitamini K. Paka naye asile mizoga.

Siku ya nne nikamkuta wa kwanza barazani mchana kweupe, anayumba kama mlevi wa pombe ya kienyeji. Baada ya wiki, kimya. Mahindi yamepona.

Kasoro zipo. Mmoja alifia darini na harufu ilitukalisha nje siku tano, wageni nikawasingizia mtaro. Maelezo ya Kiswahili yameandikwa kwa herufi ndogo mpaka nikaazima miwani. Na glovu ununue mwenyewe. Nyota nne.

Vibonge vilivyobaki nimeviacha kwenye pakiti yake, ndani ya kabati la kufuli. Mjukuu wangu wa darasa la pili nikampa maka peni aandike mlangoni: SUMU.

"Bibi, si ulisema ni dawa?"

Nikamwambia aandike kama alivyoambiwa.