Uzoefu Wangu na Puppy Linux: Mfumo Mzima Ndani ya Flashi

Kazi yangu hunilazimu kutumia kompyuta za watu wengine, nyingi zikiwa kuukuu na zimejaa virusi, kwa hiyo nilitafuta mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows) ninaoweza kutembea nao mfukoni. Nilichagua Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, katika toleo la BookwormPup64 lililojengwa juu ya Debian 12, mfumo mwingine wa familia ya Linux.

Kilichonivutia zaidi ni namna inavyofanya kazi. Kompyuta inapowaka, mfumo husomwa kutoka kwenye flashi na kupakiwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), iwapo RAM inatosha, na kuanzia hapo programu hufunguka upesi hata kama flashi yenyewe ni ya bei ya chini. Mabadiliko unayoyafanya hukaa juu ya mfumo kama tabaka la pekee, ambalo huandikwa kwenye flashi unapobofya kitufe cha kuhifadhi, unapozima, au kila baada ya muda utakaoupanga mwenyewe. Kwetu, ambako umeme hukatika bila taarifa, nashauri muda huo uwe mfupi, ingawa flashi inayoandikwa mara kwa mara huchakaa mapema.

Kabla ya kuanza, fikiria vizuri jinsi utakavyoigawa flashi. Ukiiacha yote katika FAT32, muundo wa kupanga mafaili ambao flashi nyingi huja nao, utalazimika kutumia faili la hifadhi lenye ukubwa uliopangwa tangu mwanzo, lisiloweza kufika GB 4, na likijaa mfumo huanza kulalamika. Mimi niligawa sehemu mbili: ndogo ya FAT32 ya kuwashia, na kubwa ya ext4, muundo wa Linux wa kupanga mafaili, yenye folda ya hifadhi, ambayo hukua kadiri nafasi inavyoruhusu. Angalizo moja tu: Windows haiisomi ext4, na huenda ikakuomba uifomati; kataa.

Kuurekebisha mfumo ni raha kwa mtu asiyeogopa mafaili ya maandishi. Menyu na upau wa JWM, programu inayosimamia madirisha, hupangwa humo, na programu huongezwa kwa Synaptic, zana ya kusakinisha programu, kutoka hazina za Debian. Programu nzito kama LibreOffice naziweka kama mafaili ya SFS, yaani vifurushi vilivyobanwa, ambayo huunganishwa zinapohitajika na kuondolewa bila kuacha uchafu. Marekebisho yakiharibika, huwasha kwa kuandika pfix=ram, agizo la kuwasha bila kusoma hifadhi, mfumo ukaja mtupu kama ulivyotoka kwa watengenezaji, nikatafuta kasoro kwa utulivu.

Nisilolipenda ni kwamba mtumiaji huingia moja kwa moja akiwa root, yaani mwenye mamlaka yote juu ya mfumo. Watetezi wa Puppy wana hoja zao, na ni kweli kuwa kivinjari kinaweza kuendeshwa na mtumiaji mwenye mamlaka finyu aitwaye spot, lakini nisingempa mtu asiye na uzoefu bila kumweleza hatari yake. Vilevile, hifadhi isiyofungwa kwa nenosiri husomwa na yeyote atakayeiokota flashi, na baadhi ya mashine hukataa kuwaka kwa flashi hiyo mpaka Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyoidhinishwa, izimwe, jambo ambalo mwenye kompyuta huenda asilikubali.

Kwa kompyuta kongwe zisizoweza kubeba Windows 11, ningeipendekeza bila kusita. Kwa atakayeitegemea kila siku, flashi ya pili yenye nakala ya folda ya hifadhi ni ya lazima.