Saa moja iliyoandikwa kwenye boksi: uzoefu wangu na betri ya GPS ya garini

Kazi yangu ni kuendesha magari yaliyoagizwa Japani, kutoka yadi za Dar es Salaam hadi kwa wenyewe mikoani. Wiki hii nitakuwa kwenye IST, wiki ijayo kwenye Noah, na kati ya yote hayo hakuna hata moja lililo langu. Barabara kuu hazinisumbui, kwa sababu mtu aliyepanda Kitonga na kupita Sekenke mara nyingi kama mimi hahitaji mashine ya kumwambia anyooshe mbele. Kinachonisumbua ni kilomita chache za mwisho, pale mteja anapokuelekeza kwamba ukifika kwenye mwembe mkubwa uulize kwa mzee fulani, nawe unafika saa tatu usiku na mwembe wenyewe huuoni. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita nilinunua kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza hapa, hasa betri yake, ambayo imenionyesha mambo ambayo muuzaji hakuyagusia.

Huenda mtu akauliza kwa nini nisitumie mfumo wa ramani unaokuja na gari. Mengi ya magari haya yana skrini nzuri katikati ya dashibodi, lakini ramani iliyomo ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na huduma pekee ninayoipata ni sauti ya dada mmoja ambaye kila nikiwasha gari ananikumbusha, kwa adabu kubwa, kwamba sijaweka kadi ya ETC, yaani kadi ya kulipia barabara za kwao. Simu ninayo, ila safarini simu yangu ina kazi ya kupokea wito wa mwenye gari, wa wakala na wa nyumbani, na kila inapoita ramani inajificha nyuma ya jina la anayepiga. Nilitaka kitu chenye kazi moja tu.

Kazi hiyo moja kifaa changu kinaifanya vizuri, na ni haki niseme hivyo kabla ya kulalamika. Kinashika satelaiti haraka kikiwa na chaji, ramani zake ziko ndani na hazihitaji bando, na ile namba ya mwendo kasi iliyo pembeni ya skrini imeniepusha kupigwa tochi na trafiki kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa. Kwenye boksi paliandikwa kwamba betri inadumu “hadi saa 1”. Nilisoma kama mtu anayesoma ahadi. Kumbe “hadi” ni neno lenye nafasi kubwa, na hata dakika kumi zinaingia ndani yake bila kubanana.

Wiki ya kwanza nilikipima nyumbani, nikiwa nimekiweka barazani ambapo kinaiona anga. Mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, kilizima baada ya dakika 52. Nilipoupunguza hadi nusu, kilikwenda saa 1 na dakika 10. Kwa hiyo boksi halikusema uongo. Mwaka mmoja baadaye nilipima tena kwa mwanga kamili nikapata dakika 34, na baada ya miaka miwili nikapata dakika 11, zikiwemo mbili za mwisho ambazo kifaa kilikuwa bado kinadai kina nusu ya chaji.

Sababu ya ufupi huo wa tangu mwanzo niliielewa siku fundi alipokifungua mbele yangu. Betri iliyomo ni bapa, ndogo kuliko kiberiti, na imeandikwa volti 3.7 na mAh 930 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 0.93, kipimo cha chaji inayobebwa), ambazo ukizizidisha zinakupa takriban wati-saa 3.4. Skrini ya inchi 5 inayotakiwa kuonekana juani, pamoja na kipokeaji cha satelaiti na spika, inakula kama wati 3 kwa wakati wote. Basi saa moja na dakika chache ndiyo yote iliyomo humo, hata betri ikiwa mpya kabisa. Simu ya kawaida siku hizi ina betri ya mAh 5,000, zaidi ya mara tano ya hiyo. Waliotengeneza hawakupitiwa, walikiunda wakijua kwamba kitakuwa kimechomekwa muda wote, na betri wakaiweka ili kivuke vipindi vifupi, kama pale unapozungusha ufunguo kuwasha injini na umeme wa tundu la kuwashia sigara ukakatika kidogo, au unapozima gari kituo cha mafuta, au unapotaka kuandika mahali unapokwenda ukiwa bado mezani na chai yako. Kwa mwenye gari lake moja ambalo tundu lake ni zima, hiyo inatosha. Kwangu mimi tundu si la kutegemea, kwa kuwa kila gari lina lake.

Uzito wa dakika 11 niliujua usiku mmoja nje kidogo ya mji wa Singida. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam alfajiri, safari ya takriban kilomita 700, na tangu Chalinze nilikuwa nimegundua kwamba tundu la gari lile halitoi umeme. Sikuhangaika, nilikizima kifaa ili chaji ibaki kwa ajili ya mwisho wa safari. Mama mwenye gari alikuwa amenitumia mapema alama ya nyumba yake, nami nilikuwa nimeihifadhi ndani. Nilipoacha lami nikakiwasha. Kwa kuwa kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi, taarifa za mahali satelaiti zilipo zilikuwa zimepitwa na wakati, kikalazimika kuzipokea upya, na hapo zikaniponyoka karibu dakika mbili huku alama ya antena ikimetameta kama inayonidhihaki. Kisha kikaanza kuniongoza katikati ya mashamba ya alizeti, kushoto, kulia, kushoto tena, na zilipobaki mita 600 skrini ikawa nyeusi. Hakikutoa hata onyo.

Nikapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, umefika wapi?”

“Nipo karibu sana mama, naona jiwe kubwa upande wangu wa kulia.”

“Singida hii mwanangu, mawe makubwa ni mengi. Jiwe lipi?”

Kijana wa bodaboda ndiye aliyenifikisha, kwa shilingi 2,000, na nyumba ilikuwa nyuma ya jiwe lile lile.

Baada ya usiku huo nilianza kujiuliza kilichoiua betri upesi namna ile, na jibu kwa sehemu kubwa lilikuwa mimi mwenyewe. Betri za lithiamu huzeeka haraka zaidi zinapokuwa zimejaa na zina joto kwa wakati mmoja, na hakuna mahali panapotimiza masharti yote mawili kama kioo cha mbele cha gari lililoegeshwa juani Dodoma saa nane mchana. Nilikuwa na mazoea ya kukiacha palepale kwenye kibandiko chake, kimejaa asilimia 100, nikaenda kula wali. Nikirudi nilikuwa nakigusa kwa ncha za vidole kama sufuria. Tena kikiwa na joto la namna hiyo hakichaji: betri nyingi za aina hii huzuiwa kupokea chaji joto lake likizidi nyuzi 45 hivi, kwa usalama, kwa hiyo unaweza kuendesha saa nzima kikiwa kimechomekwa na bado kikawa hakijajaza chochote. Siku hizi nikisimama nakibandua na kukitia kwenye mfuko ninaouweka sakafuni upande wa abiria, kwenye kivuli. Inasaidia pia dhidi ya wale wanaopenda kuvunja vioo, ingawa hilo ni somo la siku nyingine.

Jambo la pili ni chaja, na hapa ningependa wanunuzi wawe makini kuliko nilivyokuwa. Chaja iliyokuja na kifaa ilikatika waya karibu na kichwa ndani ya mwaka mmoja, nami nikanunua nyingine ya matundu mawili iliyoandikwa 2.1A kwa bei ya soda mbili. Nilipochomeka waya wa kawaida wa kuhamishia data, kifaa kilidhani kimeunganishwa na kompyuta, kikaonyesha picha ya kompyuta, na ramani ikatoweka kabisa nikiwa katikati ya mzunguko wa magari. Nilipopata waya wa kuchajia tu, ramani ilirudi na alama ya plagi ikatokea, lakini chaji iliendelea kushuka taratibu. Tundu la USB la kompyuta ya zamani hutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5, na chaja yangu ya bei ya soda, pamoja na maandishi yake ya kujigamba, haikuwa na nguvu zaidi ya hapo. Kifaa kinachokula wati 3 ukikilisha wati 2.5, kile kinachopungua kinatoka kwenye betri, na hiyo alama ya plagi inabaki kuwa pambo. Kipimo changu ni rahisi: mwanga uwe juu kabisa, uendeshe nusu saa, kisha uangalie asilimia imepanda au imeshuka.

Kuhusu kubadilisha betri, nilikwenda kwa fundi simu Kariakoo nikiwa na matumaini makubwa. Kifuniko cha nyuma kimeshikwa na skrubu ndogo zenye kichwa cha nyota, na chini yake betri imegundishwa na gundi. Fundi alitafuta kwenye sanduku lake, akapata betri ya spika ndogo inayolingana ukubwa, akaiunga. Kifaa kiliwaka, ila kikakataa kuchaji. Ile betri ya asili ina nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huo mweupe ndio unaokiambia kifaa betri ina joto kiasi gani; betri ya spika ilikuwa na nyaya mbili tu. Fundi, kijana mwerevu kwa kweli, alisema, “Hiyo siyo shida kaka, nakuwekea rizista hapa, kitaamini betri ni baridi siku zote.” Nilimshukuru nikakataa. Kitu kinachokaa juani nyuma ya kioo, sentimita chache kutoka usoni mwangu, sitaki kiamini kwamba ni baridi siku zote. Nilisubiri wiki tatu nikapata betri ya nyaya tatu iliyotolewa kwenye kifaa kilichovunjika skrini, na pamoja na ufundi ikanigharimu shilingi 25,000. Sasa ninapata dakika 38, na nimeridhika nazo kwa sababu sizitegemei tena.

Ninachokitegemea ni pawabanki ya mAh 10,000 yenye waya wa kuchajia tu. Kwa hesabu ina wati-saa 37, na ukiondoa zinazopotea njiani inakiendesha kifaa karibu saa tisa, ambazo zinatosha kutoka Morogoro hadi Singida na chai ya Dodoma ikiwa ndani yake. Nayo haiwekwi juu ya dashibodi. Inakaa kwenye mfuko wa mlango, na waya unapita pembeni ili usikamate usukani. Ni kichekesho kidogo kununua betri ya kubebea betri, lakini ndiyo hali halisi ya kifaa hiki.

Nyota ningekipa tatu kati ya tano. Ramani na mapokezi ya satelaiti vinastahili nne na zaidi, na mwendo kasi wake umenilipia gharama ya kukinunua mara mbili kwa faini nilizoziepuka. Betri inastahili moja, na hasa kwa sababu muuzaji anakiita kifaa cha kubebeka. Kubebeka kinabebeka, ila kikiwa kimezima. Mwenye kutaka kitu cha kushika mkononi na kutembea nacho porini au mitaani kwa saa kadhaa atafute vile vidogo vya kupandia milima vinavyotumia betri za kubadilisha, kwa kuwa hiki hakikukusudiwa kwa kazi hiyo.

Siku hizi, kabla sijasaini kupokea gari yadini, nachomeka chaja kwanza na kuangalia kama taa yake ndogo nyekundu inawaka. Isipowaka, nainama chini ya usukani kutafuta fyuzi iliyoandikwa CIG, yaani ile ya tundu la kuwashia sigara. Mara nyingi huwa imeungua, mara nyingine haipo kabisa, na vijana wa yadi huwa na nyingine ya ampea 15 mfukoni kwa shilingi 500.