Porto mwezi wa saba na mama na watoto: uzoefu wangu

Sisi tunaishi Ujerumani, na shule zikikaribia kufungwa kila mtu anauliza mnaenda wapi na majibu ni yaleyale, Mallorca, Roma, Ugiriki. Safari hii tulikwenda Porto kaskazini mwa Ureno, tukamchukua na mama yangu aliyekuja kutoka Mombasa, na naandika kwa wenye wazee na watoto wadogo manake safari zenu si kama za vijana.

Tuliangalia joto kwanza. Roma tumeshaijua mwezi wa saba, mchana hata kutembea huwezi, na watu hudhani sisi wa pwani jua tumelizoea, lakini la kwetu lina upepo wa bahari na kivuli cha muembe, la Roma linakuchoma juu na linakuchoma chini kwenye mawe. Athens nako 2023 na 2024 walikuwa wafunga Acropolis, ile ngome yao ya kale, saa za mchana joto likizidi. Porto iko kwenye Atlantiki, Julai kawaida ni nyuzi 25 hivi, jioni watafuta sweta. Mama naye alikuwa na sababu yake, amekulia karibu na Fort Jesus, ile ngome ya Wareno pale Mombasa, akasema anataka kuiona nchi ya hao walioanza kuijenga 1593.

Sasa maji. Jamani ni baridi! Nyuzi 17, 18, na hapo ndio kiangazi. Watoto walivumilia, mama aliingiza miguu akatoka hakurudi tena. Kama nia yenu ni kuogelea nendeni Croatia au visiwa vya Ugiriki, tena mwezi wa nane mwishoni au wa tisa bahari ikishapata joto, na mlioko majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg huku Ujerumani mnaweza manake likizo yenu inafika hadi Septemba.

Visa ya mama tuliomba ya Ujerumani, si ya Ureno, kwa sababu huko ndiko anakaa siku nyingi zaidi, hio ndio sheria ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, si lazima iwe nchi unayoshukia kwanza. Ada ni euro 90 tangu 2024, bima iwe ya euro 30,000 kwenda juu, na fomu yapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Msingoje mwezi wa tano, nafasi za kupeleka makaratasi zinaisha.

Porto yenyewe ni milima mitupu na magoti ya mama si ya vilima. Apatimenti tuliyopanga ilikuwa gorofa ya juu kabisa, haina lifti na tangazo halikusema, basi kila kutoka ni kazi. Ulizeni lifti kabla hamjalipa! Kilichotuokoa ni metro, inatoka eapoti hadi mjini na laini nyingine inapita juu ya daraja la Dom Luís I, lile la chuma la 1886, kwa hivyo mzee anavuka mto Douro na kuona mji wote bila kupanda ngazi, na kuna funicular ya Guindais, kigari cha reli kinachovutwa na kamba, ya kumpandisha kutoka mtoni.

Nilichokipenda zaidi ni treni ya bonde la Douro mpaka Pinhão, masaa mawili na nusu hivi. Ukienda kaa upande wa kulia, mto uko huko, treni yapita karibu nao kabisa na mashamba ya mizabibu yamekatwa ngazi ngazi mlima mzima. Mama hakusema neno njia nzima, alikuwa aangalia tu. Wallahi kwa safari hio peke yake ningerudi.

Chakula, Waislamu muwe macho na francesinha, sandwichi yao ya Porto, wataisifu sana lakini ndani mna nyama ya nguruwe. Nyinyi nendeni Matosinhos, metro yafika, samaki wanachomwa kwa makaa nje ya mikahawa na mtaa wote wanukia, dagaa wao wakubwa wa kiangazi wana mafuta mazuri, na bacalhau, samaki wao mkavu wa chumvi, mama alipoionja akasema hii ni ng'onda wetu tu. Nikirudi inshallah ntalala hukohuko Matosinhos, ni tambarare na pwani iko hapo, mjini niwe naingia mchana na kutoka.